Gari Hununuliwa na Anayekaa Kushoto

Mume wangu alifariki Jumanne asubuhi, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda chake cha kuuzia magari kule Midrand, kikombe cha chai mkononi. Hata chai hakuimwaga. Aliyemkuta alidhani amesinzia. Alasiri tukamzika, kama ilivyo desturi yetu. Binti yetu wa pekee, anayeishi Durban, akafika jioni na kukuta watu wameshatawanyika makaburini. Alhamisi akatua mdogo wa marehemu kutoka Dar es Salaam. Nayasema haya mwanzo ili yaishe. Siku zile yalinipita kama taarifa ya habari ya nchi nyingine.

Sikulia. Wanawake wenzangu wa msikitini, wa Dar, wa Unguja na wa kwetu Tanga, walikuja na masufuria yao, wakanizunguka wakinisihi: "Lia, mwenzetu, utoe. Utaugua." Mimi nikawauliza kama sukari imewatosha kwenye chai. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi na daktari wa meno. Unajua shavu lipo, unaligusa, lakini ni la mtu mwingine.

Nikaanza eda. Miezi minne na siku kumi mwanamke aliyefiwa na mume anakaa nyumbani kwake, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa jambo la lazima. Kwetu Tanga tunaishika sana hiyo, na mimi niliishika vilevile hapa Troyeville, Johannesburg, kwenye nyumba yetu ya mabati mekundu yenye uwa mbele na ukuta wa matofali unaotutenga na barabara. Na ndani ya uwa ule, mbele ya dirisha la jikoni, lilikuwa limesimama lile gari jeusi.

Hapo ndipo nieleze biashara yetu. Mume wangu alikuwa akiuza magari ya Kimarekani yaliyotumika, yale ya milango miwili, boneti ndefu, yanayonguruma mpaka madirisha ya jirani yanatetemeka. Wenyewe wanayaita magari ya misuli. Tulikuwa na pembe yetu ya kukodi ndani ya yadi kubwa, inaingia magari sita. Mimi nilikuwa nikienda siku tatu kwa wiki, napika chai, naandika karatasi, natazama watu. Yeye alikuwa akitazama magari, mimi natazama watu. Ndiyo maana hatukuwa tukikubaliana.

Katika yale magari, lipo moja lenye nembo ya farasi anayekimbia. Hilo halikai. Ukilileta mwezi huu, mwezi ujao limeondoka. Halafu yapo wenzake, yana nguvu ileile au zaidi, sura ya kutisha zaidi, rangi nzuri zaidi, na yanakaa yadini mpaka matairi yanaota majani. Mume wangu jambo hilo lilimkera mno. Alikuwa akiniorodheshea injini kama mtu anayesoma nyiradi. Hili lina nguvu kadha wa kadha, lile linafika mwendo kadha wa kadha, sasa kwa nini watu wananunua farasi tu? Ni majina, alisema. Watu wanafuata jina.

Si jina, bwana. Nilimwambia mara mia. Kwanza, farasi anatoka kiwandani kwao na usukani uko kulia, kama barabara zetu zinavyotaka. Wale wengine wanakuja na usukani kushoto, halafu mafundi wanahangaika kuuhamisha, na kitu kilichohamishwa hakikosi alama. Lile jeusi letu, kwa mfano, karatasi zake zote zilikuwa safi, lakini waipa zake zilikuwa bado zinafuta kama dereva yuko kushoto. Mvua ikinyesha, mbele ya macho ya anayeendesha panabaki pembe ya kioo haijafutwa. Anachungulia kama anayechungulia mtaa kwa pazia. Pili, farasi yupo mwenye injini ndogo, kwa mtu anayetaka sura lakini anaogopa kituo cha mafuta. Tatu, kiti chake cha nyuma, hata kama ni cha kubana, mtoto anaenea. Mwanaume anaweza kurudi nyumbani akasema, hili ni la familia. Uongo, lakini uongo unaosemeka.

Na la mwisho ndilo lililokuwa langu mwenyewe, na ndilo alilolicheka. Nilimwambia: "Mume wangu, gari huendeshwa na anayekaa kulia, lakini hununuliwa na anayekaa kushoto." Nilikuwa nimewaona. Anakuja mwanaume, anapiga moto, injini inanguruma, macho yanamtoka, ameshanunua moyoni. Halafu mkewe anazunguka upande wa kushoto, anakaa, anafunga mlango. Ukimya. Ukitaka kujua kama umeuza, usimtazame yule mwenye ufunguo. Mtazame huyu wa kushoto anafanya nini na shingo yake.

Kwenye lile jeusi wote walifanya jambo moja. Waliinua shingo. Gari lile lina mlango mrefu unaopanda mpaka begani, na kioo kilichobaki juu yake ni chembamba, upana wa shibri moja hivi, na paa limeshuka chini. Mtu mfupi akikaa mle anaona dashibodi na mbingu kidogo. Mke wa mtu mmoja kutoka Soweto alikaa, akainua shingo, akauliza, "Mbona humu giza?" Basi. Wakaondoka na farasi mwekundu, mume akigeuka nyuma kulitazama lile jeusi kama anaacha mtoto.

Mimi mwenyewe ni mfupi. Siku mume wangu alipolileta nyumbani mara ya kwanza alinichukua nalo mpaka Marshalltown, nilikokuwa naenda kununua vitambaa. Njia nzima nilikuwa natazama plastiki ya mlango. Kwenye robot, taa za barabarani, tukasimama, mwanamke muuza mahindi akanisalimia kutoka nje, na mimi sikumwona, nikaisikia sauti tu. Nilipoteremka nikamwambia mume wangu mbele za watu: "Hili halitauzika. Na mimi sikai tena humu mpaka unitobolee dirisha."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ya kweli, kwa sababu alikuwa amelinunua bila kuniuliza, na kwa sababu alikuwa amelipenda. Kweli sikukaa tena. Akipita barabarani na lile gari, mimi napanda teksi. Kama ni jeuri, ni jeuri. Miezi mitatu baadaye akafa, na gari lipo.

Shemeji yangu, mdogo wake, alikaa nasi siku kumi. Si mtu mbaya. Ni mtu wa heshima, huinamisha macho akizungumza nami. Kabla ya kuondoka alisimama kwenye mlango wa jikoni akasema, "Shemeji, eda ikiisha utarudi nyumbani. Chumba kipo Tanga, kwa mama. Mji huu si wa mwanamke peke yake."

"Na yadi?"

"Tutairudisha kwa wenyewe. Yale mengine matano nitamwachia mtu wa yadi ayauze. Hata kaka mwenyewe hili jeusi lilimshinda. Wewe utaweza?"

Sijui nini kilinipata. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi lakini mdomo ukasema wenyewe. "Nikiliuza hili mpaka eda inaisha, nabaki. Yadi inakuwa yangu. Nisipoliuza, nitakuja Tanga na sitasema neno."

Alinitazama kwa mara ya kwanza usoni. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mwanamke wa eda hawezi kwenda yadini wala kusimama barabarani akaonyesha gari. Lakini aliona haya kumkatalia mfiwa. Akasema, "Haya, shemeji. Kwa hiari yako." Nadhani alienda uwanja wa ndege akiwa na hakika nitakuwa Tanga kabla ya mwaka kuisha.

Nataka niseme ukweli hapa. Sikuwa na mapenzi na Johannesburg. Lakini Tanga ningekuwa mjane wa kaka, ninayekaa chumba cha nyuma, ninayepishwa kwa huruma. Miaka ishirini na mbili nilikuwa nimefanya kazi. Nilijua kuuza magari. Nilitaka kitu hicho kimoja nibaki nacho, na hata kukitaka kwenyewe nilikuwa nakutaka kwa mbali, kama mtu anayekumbuka kwamba alikuwa na njaa.

Siku zangu zilikuwa hivi. Naamka, naswali, nakaa kwenye kiti cha jikoni kilichoegemea ukuta, pembeni ya dirisha. Mbele yangu, nje, gari. Nyuma yangu, ukuta mtupu. Ukuta ule nao ulinikera, kwa sababu mume wangu aliahidi kuniwekea rafu hapo. Siku chache kabla hajafa nilikuwa nimekaa kwenye kiti hichohicho nachambua mchele, akaja na futi yake ya kukunja, akaisimamisha kutoka kwenye kiti mpaka juu, kando ya sikio langu, akaandika namba kwenye kiganja. "Unapima nini?" nikamuuliza. "Rafu," akasema. "Usijitikise." Rafu haikuja. Mtu mwenyewe ndivyo alivyokuwa, anapima leo, anakata mbao mwaka kesho. Nikikaa pale katika eda nilikuwa nikiukasirikia ule ukuta, na hiyo ndiyo hisia pekee niliyokuwa nayo, kwa hiyo niliitunza.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, fundi cherehani. Anashona nguo za harusi na anashona pia viti vya magari, na mume wangu alikuwa akimpelekea kazi. Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini eda yangu aliishika kuliko mimi. Ndiye alikuwa mikono yangu. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa akija, anaingia kwenye lile gari upande wa usukani, analiwasha robo saa ili betri isife. Mtaa mzima unatetemeka. Yeye mle ndani anaimba nyimbo za kanisani, mimi dirishani. Akimaliza ananiletea ufunguo. "Njo vile, mama," anasema. "Liko muzima."

Binti yangu akatuandikia tangazo mtandaoni akiwa Durban. Yeye Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na tangazo nalo lilikuwa Kiingereza cha vijana, sikuelewa nusu yake. Lakini simu zikaanza.

Mteja wa kwanza alikuja mwezi wa pili wa eda, mwanaume peke yake, kijana wa ofisini, shati limenyooshwa. Jirani akamfungulia geti. Akazunguka gari, akafungua boneti, akapiga moto, akafurahi. Halafu akauliza mwenye gari yuko wapi. Jirani akamwonyesha dirisha. Mimi nilikuwa nyuma ya zile nondo za dirisha, ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi, nikamwambia karatasi hizi hapa, nikazipitisha kati ya nondo.

Akazipokea kwa vidole viwili. "Mama, njoo nje tuzungumze."

"Siwezi kutoka."

"Kwa nini huwezi kutoka?"

Hapa nilikosea. Ningesema nimefiwa, yangeisha. Lakini kwetu jambo hili halielezwi. Kila mtu akiona ushungi na mlango uliofungwa anajua. Miaka ishirini na mbili katika mji huu, na bado nilitegemea mtu wa barabarani ajue eda ni nini. Nikasema tu, "Miezi miwili na nusu imebaki, ndipo nitatoka."

Yule kijana akaziangalia nondo. Akaniangalia mimi. Akaliangalia gari. Nikaona hesabu inavyopita usoni mwake: mwanamke amefungiwa ndani, anauza gari la kifahari kupitia nondo, anahesabu miezi yake. Akazirudisha karatasi dirishani kwa heshima kubwa, akatembea kinyumenyume mpaka getini. Baada ya saa moja polisi wawili wakagonga. Jirani yangu aliwaeleza, nikawaonyesha cheti cha kifo, mmoja akavua kofia. Gari si la wizi, mama hajafungwa. Wakaomba radhi, wakaondoka.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, alizania uko prizonyé, mufungwa!" Mimi pia nikacheka kidogo, kwa mdomo. Ndani hamkuwa na kitu. Baada ya hapo simu zikapungua, na mwezi wa tatu ukapita bila mtu. Shemeji alikuwa akinipigia kila Ijumaa baada ya swala. Haulizi gari. Anauliza afya, anasema mama amepaka chumba chokaa. Chokaa yenyewe nilianza kuinusa usingizini.

Zilibaki siku kumi na moja walipokuja mume na mke. Ilikuwa Jumamosi, mchana kweupe. Mwanaume mrefu, mnene wa mabega, dereva wa malori ya masafa aliyestaafu mapema, na mkewe mfupi kama mimi, mwalimu, ameshika pochi kwa mikono miwili. Wazulu wote wawili. Safari hii nilikuwa nimejifunza, nikamwagiza jirani aeleze mapema. Lakini hakuwahi kufungua mdomo. Yule mwanamke alilitazama dirisha, akautazama ushungi wangu, akaja moja kwa moja mpaka kwenye nondo na kushusha sauti.

"Uzilile, mama?"

Neno hilo nilikuwa nimelisikia. Kwao mjane naye ana muda wake, ana nguo zake na miiko yake. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema pole, halafu akaniuliza swali ambalo mtu wa kwetu angeona haya kuliuliza. "Alifia ndani ya gari hili?"

"Hapana. Alifia kwenye kiti cha plastiki, Midrand."

"Sawa," akasema, na nikaona mabega yake yameshuka. Akarudi kwa mumewe.

Mwanaume alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Akapiga moto. Macho yakamtoka, kama kawaida. Mimi sikumtazama. Nilikuwa nimeshaona filamu hiyo. Nilikuwa nasubiri upande wa kushoto, na moyoni nikaanza kuhesabu nguo za kufungasha. Mwanamke mfupi, mlango mrefu. Ilikuwa imekwisha.

Kwanza akazunguka mumewe, anataka kuona sanduku la dashibodi. Akajitupa kwenye siti ya kushoto, na nikasikia mlio. Kichwa chake kilikuwa kimegonga paa.

"Eish! Kiti hiki kina nini?"

Akatoka anajipapasa utosi. Akainama, akatazama siti ya kulia, akatazama ya kushoto. "Hiki kimeinuliwa," akasema. "Mbona hiki kimeinuliwa?"

Mimi sikuelewa. Nikamtazama jirani yangu. Alikuwa amesimama katikati ya uwa, mikono kiunoni, ananitazama mimi.

Kabla hajasema kitu mke akaingia. Akakaa, akafunga mlango. Ukimya. Nikamtazama shingo. Haikuinuka. Ilikaa palepale, imetulia, na kichwa kikageuka taratibu, kushoto, mbele, kushoto tena. Nilimwona uso wote kwenye kile kioo chembamba, macho, pua, mdomo. Akanipungia mkono. Katika gari lile, tangu lifike, sikuwahi kumwona mtu wa upande ule zaidi ya nywele zake.

Akashusha kioo. "Ninaona kila kitu," akamwambia mumewe. "Naona mpaka robot ya kule kona. Kwenye lile farasi la dada yako nilikuwa sioni hivi."

"Tutakishusha kiti," mume akasema. "Fundi atakishusha."

"Nani akishushe? Wewe unakaa kule. Mimi nakaa hapa."

Nikauacha ukuta wangu, nikasogea mpaka nondo zikagusa paji la uso. Nikamwita jirani. Akaja.

"Kiti hicho kimefanywa nini?"

"Nilizania ulijua, mama." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Aliniletea ile siti mu bakkie, ile pikapu, siku ya tano, ile Ijumaa kabla hajakufa. Akasema, weka sponji ya nguvu, vidole ine. Nikamwambia, papa, utaharibu gari, mutu murefu atagonga kichwa, hautaliuzisha. Akasema, si ya kuuzisha. Ni ya mama, alikataa kuikala. Alikuwa na namba ku mukono, ameiandika na biki."

"Namba gani?"

"Ya macho yako. Toka ku kiti mpaka ku macho. Alisema alikupima ukichagua mucele, haukujua."

Niligeuka nikautazama ukuta. Hakukuwa na rafu, hakukuwahi kuwa na rafu, wala hakuwa na nia ya rafu. Miezi minne niliukasirikia ukuta bure.

Yule mwanaume akaja dirishani kuzungumza bei. Nakumbuka nilimtajia, akapunguza, nikakataa, akakubali, na sauti yangu ilikuwa ya kazi kabisa. Mke akaandika jina lao kwenye karatasi kwa mwandiko wa ubaoni. Kila kitu kilipokwisha na simu kulia kwamba fedha zimeingia, nikamwambia yule mwanamke, yeye peke yake, kwamba naomba kitu. Naomba nikae ndani ya gari dakika moja kabla halijaondoka. Sikumweleza sababu. Akamshika mumewe mkono, wakatoka nje ya geti pamoja na jirani yangu, wakalirudisha geti.

Nikafungua mlango wa jikoni. Ni uwa wangu, eda hainikatazi uwa wangu. Nikazunguka upande wa kushoto, nikakaa, nikafunga mlango.

Kilikuwa kimo cha kiti cha jikoni sawasawa. Makalio yaliona kabla ya macho. Na mbele yangu, juu ya ule mlango niliouchukia, kulikuwa na ukuta wa matofali, waya wa nguo, mabati ya jirani, na juu ya geti kipande cha barabara inayopanda mpaka kona. Taa ya robot ilikuwa nyekundu, ikawa kijani. Nikageuka kulia kumwambia, na siti ya usukani ilikuwa tupu, imesogezwa nyuma kwa miguu ya yule Mzulu mrefu.

Nilikaa pale dakika moja niliyoomba, pengine mbili. Nilijua kwamba nikisema siuzi, wangenielewa. Wangerudishiwa chao na kwenda kutafuta farasi. Na mimi ningepanda ndege kwenda kwenye chumba cha chokaa, nimeliacha gari hapa, au limeuzwa na mtu wa yadi kwa mtu ambaye siku ya kwanza angekishusha kiti. Nikashuka. Nikaufunga mlango kwa mkono wa upole, nikaingia ndani, nikagonga kioo cha dirisha waingie.

Likaondoka likinguruma. Kwenye kona robot iliwashika, na kutoka dirishani kwangu nikamwona yule mwanamke kwenye kioo cha kushoto, amekaa wima, anaangalia nje. Halafu wakapinda. Jirani akafunga geti, akasema ana nguo ya bibi harusi ya kumalizia, akaenda kwake.

Nikampigia shemeji. Haikuwa Ijumaa, kwa hiyo akashtuka. Nikamwambia gari limeuzwa na siku kumi na moja bado. Nikasikia watu wa nyumbani nyuma yake, masufuria, redio.

"Umeliuzaje, shemeji? Na wewe hutoki?"

"Sikuliuza mimi. Aliliuza kaka yako."

Hakuuliza maana yake. Akasema tu, "Basi yadi ni yako," kwa sauti ya mtu anayetimiza ahadi, na nikamwambia amshukuru mama kwa chokaa.

Nikaweka simu mezani. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikaegemeza kichwa ukutani pale futi ilipopita kando ya sikio langu. Na ndipo ile ganzi ikatoka, yote kwa mara moja, na maumivu yalikuwa palepale yalipokuwa siku zote. Nilimlilia mume wangu kwa sauti, kwa jina lake, kwa matusi madogo tuliyokuwa tukitukanana, nilimlilia mpaka koo likawaka. Sikujua kama dirisha lilikuwa wazi.

Jirani yangu akaja mbio, sindano bado imechomekwa kifuani kwenye gauni, akanikuta sakafuni. Akapiga magoti, akanishika uso kwa mikono miwili.

"Mama, kuko mutu ingine amekufa?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni yule yule."